Jina Halifungi Bao



Ndugu msomaji, katika vikao vitatu vilivyopita vya kamati ya msikiti wetu, ulioko katika mitaa ya Kariakoo baina ya Msimbazi na Jangwani, imejadiliwa ajenda ambayo haikupata kuandikwa katika kumbukumbu zetu kabla: daftari la mpira. Ni daftari la kawaida la shule, mali ya vijana wanane wanaohudhuria darasa la baada ya Isha. Humo wameandika timu zao wenyewe, timu za kufikirika, zilizoundwa kwa wachezaji halisi wa Ligi Kuu ya NBC. Kila wiki hujumlisha pointi kwa kadiri wachezaji hao walivyofanya uwanjani, na mwisho wa msimu mwenye pointi nyingi ndiye bingwa wa daftari.

Wazee wawili walitaka daftari hilo lichanwe. Mama mmoja, ambaye mwanawe aliumaliza mtaji wa kuuza soksi kwa kununua mikeka ya kubashiri matokeo, aliuliza swali lililotunyamazisha: "Na huu nao si mlango wa kuendea kule kule?" Imamu wetu alijibu upande wa sheria kwa ufupi. Alisema, ikiwa kila mmoja anatoa fedha na mshindi anazizoa zote, hiyo ni kamari iliyokatazwa katika aya ya 90 ya Surat al-Maida, hata ikipewa jina zuri kiasi gani. Ikiwa hakuna kinachowekwa, Swala hazipotei wala hakuna anayetukanwa, basi ni mchezo, na mchezo hupimwa kwa faida na hasara yake.

Mimi, kwa kuwa ni katibu na kalamu iko mikononi mwangu, nikapewa upande wa pili: nieleze kama kuna elimu yoyote katika kuwapima wachezaji namna hii, na kama ipo, vijana waifuate vipi. Nimeona njia bora ni kuichukua timu moja na kuipima mchezaji mmoja mmoja. Nimechagua Yanga ya msimu wa 2023/24. Ndugu zangu wa Msimbazi wasinune. Sikuichagua kwa mapenzi. Nimeichagua kwa sababu ilikuwa bingwa, na kwa sababu msimu ule umeshafungwa, hesabu zake zimekamilika, na kila hukumu tutakayoitoa inaweza kukaguliwa. Mizani hiyohiyo itaipima Simba, Azam au Coastal Union bila kubadilishwa hata jiwe moja.

Mchezo wenyewe

Wazazi wengi wakisikia vijana wanazungumzia drafti hudhani ni ule ubao wa vizibo vya soda unaochezwa vibarazani. Sivyo. Hapa pana maana ya kuchagua kwa zamu, na kila aliyecheza chandimu utotoni anaujua utaratibu huu. Manahodha wawili husimama, mmoja humwita amtakaye, mwenzake naye humwita wake, mpaka watoto wote waishe. Aliyekwisha kuitwa upande mmoja haitwi tena upande wa pili. Ndivyo ilivyo katika daftari: mchezaji mmoja, mmiliki mmoja. Ili aliyeanza asiwapunje wenziwe, zamu hugeuka. Aliyechagua wa mwisho katika mzunguko wa kwanza ndiye huanza katika mzunguko wa pili.

Mchezo huu ulianzia Marekani. Mwaka 1962 Bill Winkenbach, mmoja wa wamiliki wa timu ya Oakland Raiders, alibuni na wenziwe namna ya kuunda timu za kufikirika kwa wachezaji wa mpira wa Kimarekani. Miaka ya mwanzo ya 1990 ukaingia katika soka la Uingereza, na leo mchezo wa Ligi Kuu ya Uingereza unachezwa na mamilioni ya watu duniani kwa jina la fantasi, wakiwamo vijana wetu wenye simu. Vijana wa daftari walichofanya ni kuzichukua kanuni za Uingereza na kuzileta nyumbani.

Kanuni zenyewe ni hizi. Mchezaji akicheza dakika 60 au zaidi hupata pointi 2. Akicheza chini ya hapo, pointi 1. Bao la beki ni pointi 6, la kiungo pointi 5, la mshambuliaji pointi 4. Pasi inayozaa bao ni pointi 3 kwa yeyote. Timu isiporuhusu bao, mlinda mlango na mabeki hupata pointi 4 kila mmoja na kiungo hupata 1. Kuokoa penalti ni pointi 5. Kukosa penalti hupunguza pointi 2. Kadi ya njano hupunguza pointi 1 na nyekundu pointi 3.

Zitazame kanuni hizi vizuri, ndugu msomaji, maana zenyewe ndizo mizani, na kila mizani ina kinachopimika juu yake na kisichopimika. Muuza nyanya sokoni Kariakoo anajua kwamba mizani humwambia uzito. Haimwambii ipi imeoza ndani. Hilo tutalirudia tutakapofika kwa kiungo mkabaji.

Mlinda mlango na mabeki

Kosa la kwanza la kijana anayechagua kwa zamu ni kumkimbilia Djigui Diarra. Si kwamba Diarra ni mdogo. Mlinda mlango huyu wa Mali ni miongoni mwa bora waliopata kucheza katika ligi yetu, na nyuma ya ukuta wa bingwa alikuwa na uhakika wa mechi nyingi bila kuruhusu bao. Lakini kuna maswali mawili ya kumuuliza kabla ya kumwita.

Swali la kwanza: je, atakuwapo? Mwezi Januari 2024 palikuwa na Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Ivory Coast. Mali iliitoa Burkina Faso katika hatua ya 16 bora, ikakaa huko hadi robo fainali, tarehe 3 Februari. Mwenye Diarra katika daftari lake alipaswa kuijua kalenda hiyo tangu siku ya kuchagua, na kujua kwamba Metacha Mnata na Abuutwalib Mshery wapo nyuma yake wakisubiri zamu.

Swali la pili ni gumu zaidi, nalo ndilo moyo wa elimu hii: nikimwacha huyu, nitabaki na nani? Walinda milango wa timu nzuri hawaachani sana kwa pointi. Msimu ule aliyemaliza na mechi nyingi zaidi bila kuruhusu bao hakuwa Diarra wa timu bingwa, bali Ley Matampi wa Coastal Union. Aliyetumia zamu yake ya kwanza kumchukua Diarra alizidiwa na aliyengoja hadi zamu za mwisho akamwita Matampi, na juu ya hayo alikuwa ameshampoteza mfungaji. Thamani ya mchezaji katika kuchagua kwa zamu haipimwi kwa ukubwa wake peke yake. Hupimwa kwa tofauti iliyopo baina yake na yule utakayempata ukimkosa yeye.

Katika mabeki wa kati tunakutana na funzo lingine. Bakari Mwamnyeto ndiye aliyekuwa nahodha wa kikosi, na jina la nahodha lina uzito masikioni. Lakini kocha Miguel Gamondi mara nyingi aliwaanzisha Dickson Job na Ibrahim Hamad, maarufu kwa jina la Bacca. Kitambaa cha unahodha hakina pointi katika daftari. Dakika ndizo zina pointi. Baina ya hao wawili, Job ni beki mwenye akili ya kusoma mchezo, lakini kwa kimo chake si mtu wa kutegemea kwenye mipira ya juu. Bacca, kijana wa Zanzibar, hupanda mbele kwenye kona na mipira ya adhabu, na bao moja la beki ni pointi 6. Kwa hiyo mizani inamwelekea Bacca, japo uwanjani huenda wewe ukampenda Job.

Mabeki wa pembeni ndio hazina iliyofichika. Yao Kouassi upande wa kulia na Joyce Lomalisa upande wa kushoto walipewa ruhusa ya kupanda na kupiga krosi. Beki wa namna hiyo hulipwa mara mbili: timu isiporuhusu bao anapata pointi 4, na krosi yake ikizaa bao anapata 3 juu yake. Kati yao, Yao ndiye aliyenipendeza zaidi kwa pasi zake za mabao. Kijana mwenye busara humwita beki kama huyu katikati ya zamu, wakati wenziwe bado wanagombania washambuliaji wenye majina.

Kiungo asiyeonekana

Sasa tumefika kwa Khalid Aucho, raia wa Uganda. Waulize makocha, waulize wapinzani, watakwambia kwamba timu ile ilisimama juu ya mabega yake. Alikata mashambulizi kabla hayajawa mashambulizi, akapokea mpira kwa mabeki na kuufikisha kwa wanaojua kuutumia. Lakini yasome tena yale masharti ya daftari. Kukata shambulizi, hakuna pointi. Pasi ya kwanza inayofungua njia, hakuna pointi. Anayehesabiwa ni mpigaji wa pasi ya mwisho. Kazi yake yenyewe ni ya kugombania mpira, na anayegombania mpira hukaribiana na kadi. Kwa mizani ya daftari, Aucho alikuwa mtu wa pointi 2 au 3 kwa mechi.

Je, umwite? Kwa ajili ya daftari, hapana. Mwache hadi mwisho, au usimwite kabisa. Hili liseme wazi bila aibu, kwa kuwa mchezo una kanuni zake. Lakini baada ya kulisema, mwambie mwanao jambo la pili: kwamba hapa mizani ndiyo iliyopungua, na si mtu. Kila mahali pana akina Aucho. Katika msikiti wetu kuna mzee ambaye kwa miaka mingi amekuwa akiyajaza maji mapipa ya udhu kabla ya Alfajiri kila umeme ukikatika. Jina lake halimo katika ripoti yoyote niliyoiandika ya michango, maana ripoti ile ina safu ya shilingi tu. Katika nyumba nyingi yupo dada mkubwa ambaye wadogo zake walipasi mitihani kwa sababu yeye alibeba kazi za jikoni. Kijana anayejifunza kuuliza "hesabu hii imemwacha nani?" amepata faida itakayomfaa hata akiacha mpira.

Viungo wanaofunga

Mbele ya Aucho ndipo utajiri wa timu ile ulipokuwa. Stephane Aziz Ki, raia wa Burkina Faso, alimaliza msimu akiwa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 21. Feisal Salum wa Azam alimfuata kwa mabao 19. Wote wawili huhesabiwa viungo, na hapo ndipo akili ya kuchagua inapoonekana. Bao la kiungo ni pointi 5, kwa hiyo mabao ya Aziz Ki peke yake ni pointi 105, kabla hujajumlisha dakika na pasi. Mabao hayo yangefungwa na mtu aliyeandikwa kama mshambuliaji yangekuwa pointi 84. Ukiongeza kwamba alikuwa mpigaji wa mipira ya adhabu, utaona kwa nini zamu ya kwanza ilikuwa yake, na ya pili ya Feisal. Baada yao palikuwa na bonde. Waliofuata walikuwa mbali sana chini yao.

Anayefuata ni Maxi Nzengeli, aliyesajiliwa kutoka Maniema Union ya Kongo. Siku anasajiliwa hapakuwa na shamrashamra kubwa juu yake. Alikuwa jina geni. Alimaliza msimu akiwa na mabao zaidi ya 10. Karibu naye alikuwa Mudathir Yahya, kijana wa Zanzibar aliyejulikana kwa kushangilia bao kama mtu anayepiga simu. Mudathir hakununuliwa awe mfungaji. Lakini alikuwa na tabia moja ambayo anayetazama mpira kwa makini huiona: hafuati mpira ulipo, huingia ndani ya eneo la hatari mahali mpira utakapofika. Kijana aliyemwita Mudathir katika zamu za mwisho alipata pointi za mshambuliaji kwa bei ya kiungo wa kawaida.

Kisha yuko Pacome Zouzoua wa Ivory Coast. Hakuna mchezaji aliyependwa na mitaa yetu mwaka ule kama yeye. Tarehe 24 Februari 2024 Yanga ilipoikaribisha CR Belouizdad ya Algeria katika Ligi ya Mabingwa Afrika, mashabiki waliifanya siku hiyo kuwa yake, na vijana kwa wazee wakapaka nywele rangi kama zake. Yanga ikashinda 4-0. Waliofunga ni Mudathir, Aziz Ki, Kennedy Musonda na Joseph Guede. Simkosoi Pacome, alikuwa fundi, na ufundi wake ulizaa nafasi za wengine. Ninachosema ni kwamba siku iliyobeba jina la mtu mmoja, mabao yaliandikwa kwa majina ya watu wengine wanne. Jina halifungi bao. Na mwezi uliofuata Pacome akaumia, na aliyemwita kwa sababu ya nywele akabaki na nafasi tupu katika timu yake.

Washambuliaji

Hapa ndipo vijana wengi walipoteleza. Msimu wa 2022/23 Yanga ilikuwa na Fiston Mayele, aliyefunga mabao 17 ya ligi na kugawana kiatu cha dhahabu na Saido Ntibazonkiza wa Simba. Mayele akaenda Pyramids ya Misri. Mawazo ya haraka yalikuwa kwamba anayeziba pengo lake atarithi na mabao yake. Haikuwa hivyo. Hafiz Konkoni aliyeletwa kutoka Ghana hakudumu. Dirisha dogo la usajili lilipofunguliwa aliondoka, na Joseph Guede akaletwa. Musonda alikuwapo, na kijana wetu Clement Mzize, zao la timu ya vijana ya klabu, naye alikuwapo. Dakika zikagawanywa baina yao. Watu watatu wanaogawana nafasi moja, kila mmoja kwa nafsi yake si chaguo zuri, hata kama timu yao inafunga mabao mengi.

Mabao ya Mayele hayakupotea. Yalihamia nyuma, kwa viungo. Aliyetazama namna timu ya Gamondi ilivyocheza tangu wiki za mwanzo aliliona hilo. Aliyetazama orodha ya majina na namba za jezi alingoja mshambuliaji mpya hadi msimu ukaisha. Kwa Mzize ningemshauri kijana amwandike pembeni kwa penseli: si wa kumtegemea mwaka ule, ila ni wa kumfuatilia, kwa kuwa umri wake ulikuwa bado unampandisha.

Mechi moja na mechi thelathini

Sasa nirudi kwa swali la yule mama, maana yote niliyoyaeleza yangekuwa hatari kama yangeishia hapa. Mtu anaweza kusema: ikiwa mwanangu anajua yote haya kuhusu Aziz Ki na Bacca, kwa nini asiitumie elimu hiyo kupata fedha? Hiyo ndiyo sauti inayowavuta vijana kwenye mikeka. Humwambia kijana kwamba ujuzi wake ni mtaji.

Jibu limo ndani ya msimu uleule. Yanga ilimaliza ligi ikiwa na pointi 80 katika mechi 30. Ilishinda mechi 26, ikatoka sare mbili, ikafungwa mbili. Hakuna shaka kwamba ilikuwa bora kuliko wote. Lakini moja ya mechi mbili ilizofungwa ilikuwa tarehe 4 Oktoba 2023, huko Mbarali, Mbeya, ilipolala 2-1 mbele ya Ihefu. Mtu aliyeijua Yanga kwa undani kuliko wote hapa mjini, siku ile angeweka fedha zake kwa moyo mkunjufu, na kufikia jioni zingekuwa zimekwenda. Ujuzi wake ulikuwa sahihi. Kilichokuwa batili ni kuubebesha ujuzi huo dakika 90 za siku moja.

Mwezi mmoja baadaye, tarehe 5 Novemba, Yanga iliifunga Simba 5-1 katika uwanja wa Benjamin Mkapa. Maxi alifunga mabao mawili, na Aziz Ki, Pacome na Musonda moja kila mmoja. Kwa mabao tu, aliyekuwa na Maxi alipata pointi 10 jioni ile. Lakini tazama upande wa pili: Kibu Denis aliifungia Simba bao mapema kipindi cha kwanza, na kwa bao hilo moja Diarra na mabeki wote wa Yanga wakapoteza pointi 4 za kutoruhusu bao, siku ambayo timu yao iliandika historia. Siku moja ni mizani mbovu, hata siku ya furaha.

Daftari la vijana linasubiri siku thelathini. Siku ya Mbarali huandikwa, siku ya Mkapa huandikwa, na mwisho hujumlishwa. Mkeka hausubiri, unaishi kwa siku moja, na asubuhi unadai fedha nyingine. Tofauti ya fedha ni kubwa, na sheria imeshaisema. Lakini ipo na tofauti hii ya pili: mmoja unamfundisha kijana kumpima mtu kwa muda mrefu na kwa kazi yake yote, mwingine unamzoesha kuhukumu kwa pigo moja, na kumlaani mlinda mlango wa watu kwa sababu ya shilingi elfu mbili.

Na laana hizo sote tunazisikia. Baada ya mechi, vijiweni na katika makundi ya simu, mchezaji hutukanwa kwa rangi yake, nchi yake na mama yake. Kusema "Pacome leo alipoteza mipira mingi" ni kupima kazi. Kusema kauza mechi, bila ushahidi, ni kumsingizia Muislamu au asiyekuwa Muislamu jambo tutakaloulizwa. Waliotishwa katika Surat al-Mutaffifin ni wale wanaojitimizia kipimo chao na kuwapunja wengine. Shabiki anayehesabu kila kosa la mtani na kusamehe kila kosa la timu yake ajitazame vizuri kama hayumo.

Uamuzi wa kamati

Kamati imeamua daftari libaki kwa msimu mmoja wa majaribio, kwa masharti manne. Kwanza, hakuna fedha, wala soda, wala vocha, wala chochote cha kuwekeana. Zawadi ya bingwa ni jina lake kuandikwa ukurasa wa kwanza. Pili, hesabu hufanywa siku ya Jumatatu baada ya darasa, si katikati ya Swala wala usiku wa manane. Tatu, anayetukana mchezaji au mwenziwe hupunguziwa pointi 3, sawasawa na kadi nyekundu. Nne, ikionekana shilingi moja imeingia, daftari linafungwa siku hiyohiyo bila kikao. Wale wazee wawili hawakuridhika kikamilifu, na rai yao imeandikwa katika kumbukumbu kama ilivyo. Yule mama alisema ataiangalia miezi mitatu ya mwanzo kabla ya kusema lolote. Mwanawe ameomba nafasi ya tisa, na vijana wamemkubalia kwa sharti kwamba atakuwa mtunza hesabu.

Mzazi mwenzangu, kama mwanao anacheza mchezo wa namna hii, iwe kwenye daftari au kwenye simu, usianze kwa kumnyang'anya. Kaa naye, mwambie akuonyeshe timu yake, na muulize maswali matatu: kuna fedha ndani yake? Huyu umemchagua kwa jina au kwa kazi? Na ni nani ambaye hesabu hii imemwacha? Akishindwa la kwanza, chukua hatua ya mzazi. Akishindwa la pili na la tatu, una mazungumzo ya jioni nzima, na mazungumzo ya baba au mama na kijana wake siku hizi ni adimu kuliko tiketi za dabi.

Wabillahi tawfiq.